Kidole Gumba

Husemwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Changu kimevunja wanaume.

Miaka ishirini na mitatu nimekalia viti vya baridi
Indianapolis, mwisho wa Februari,
nje theluji imegeuka tope la kijivu,
ndani taa nyeupe na nyasi za plastiki,
saa ya kupimia imelala kiganjani,
na vijana wanakuja mmoja mmoja.

Kwanza miili. Wanapanda jukwaani na kaptura tu
mbele ya ukumbi wa wanaume wenye kalamu.
Huyu anaita urefu, yule anaita uzito,
mwingine anaukunjua mkono wa kijana juu ya rula,
toka gumba hadi kidole cha mwisho:
inchi tisa na robo.
Tunaandika.
Mwenzangu Ambrose, ambaye babu wa babu yake
alipandishwa jukwaa la namna nyingine,
saa hiyo huenda kunywa kahawa,
na kahawa yake huwa ndefu.

Namba thelathini na moja: Tavion Guidry,
mlinzi wa katikati, wa chuo kimoja cha Louisiana
ambacho basi lake hulala njiani kila msimu.
Mama yake humenya kamba kiwandani.
Vuli tatu nilimfuata.
Nimemwona akihama hatua mbili kushoto
kabla mpira haujamtoka mtu mkononi,
kama asikiaye hodi ambayo haijapigwa.
Nimemwona mvuani, ratili mia tatu za mtu zikimjia,
akajikunja, akapita chini ya kwapa,
akamngoja mkimbiaji
mahali ambapo mkimbiaji mwenyewe
alikuwa hajaamua kwenda.
Kwa hilo hakuna saa.

Yadi arobaini.
Anainama, vidole vitatu chini, nyonga juu.
Ukumbi unameza mate.
Anafyatuka, na goti la kushoto linachelewa,
linachelewa kidogo tu,
kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka ufunguo.

Nne nukta saba nane.

Alihitaji nne nukta sita tano.
Kati ya hizo mbili ni nusu ya kupepesa jicho,
na ndani ya nusu hiyo wamo watu:
mama na mikono yake yenye chumvi,
mdogo wake na bili za hospitali,
raundi ya pili, ya tatu, ya nne,
zikishuka kama ngazi za chini ya ardhi.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.
Ukingo wake ulikuwa mto mnene wa buluu ukutani.
Aliugonga kwa mabega yote mawili
akabaki pale, paji la uso limezama kitambaani,
asigeuke kuutazama ubao.

Siku hiyohiyo kijana mmoja wa Oregon
aliruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto,
inchi arobaini na mbili,
na kufikia chakula cha jioni jina lake
lilikuwa limepanda kurasa mbili.
Nilizirudia kanda zake hadi usiku wa manane.
Anaruka, kweli.
Hamkamati mtu.

Aprili, chumba cha uteuzi, mkuu akauliza: Guidry?
Nikafungua mdomo.
Nilikuwa na vuli tatu mdomoni,
mvua, lile kwapa, ile hodi.
Fomu ina kisanduku kimoja, upana wa ukucha: KASI.
Nikasoma kilichoandikwa.
Akakisogeza chini kibao cha jina,
sumaku ikalia, tk,
tukaendelea na mwingine.

Usiku ule, jikoni kwangu, sikuwasha taa.
Nilishika saa nikajipima mimi:
kubonyeza, kubonyeza tena,
upesi kadiri mkono wa mzee uwezavyo.
Sifuri nukta moja tatu.

Nikarudia.
Ileile.